Samaki Hanunuliwi kwa Picha

Daktari alinikataza mambo mengi. Nisikanyagie mguu, nisiroweshe hogo, nisiingize kijiti ndani yake kujikuna hata niwashwe vipi. Soko hakulitaja. Nadhani alisoma kwenye kadi kwamba naishi Michenzani, ghorofa ya nne, akaona ngazi zitamalizia maelezo. Majumba haya yalianza kujengwa enzi za Mzee Karume kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki, na sina ugomvi nayo: watu walitoka kwenye nyumba za udongo na makuti wakapata bomba na umeme. Ila jengo letu halina lifti, na aliyezichora zile ngazi hakumfikiria mwalimu mstaafu mwenye magongo mawili, kifundo kilichovunjika na uzito ambao leo si mada yetu.

Wasomaji wa bara niwaeleze kidogo, maana najua mtauliza mke wangu yuko wapi. Kwetu Unguja soko ni kazi ya mwanamme. Mke anaweza kuwa mkurugenzi wizarani, ana gari na dereva, lakini asubuhi anayebeba kikapu kwenda Darajani ni mume. Jengo la soko lile ni la mwaka 1904, na tangu hapo wanaume wa mji huu wanaliingia na vikapu vya ukili na kutoka na mtungo wa samaki unaning'inia mkononi, waziwazi, mtaa mzima uone nyumba fulani leo wanakula nini. Ukipita na changu wanene hukosi salamu. Ukipita na vibua, barazani kila mtu ana simu ya kuangalia.

Mimi soko nilifundishwa na marehemu baba, na mbinu yake ya kufundisha ilikuwa kunituma. Hakuandika orodha. Alitaja, nikarudia, nikaenda. Nikileta nazi joya hakunigombeza, alinirudishia mkononi nikasimame nayo mbele ya muuzaji, watu wote wanasikiliza, niseme, "Baba kasema hii ni joya." Hakuna chuo kinachofundisha upesi namna hiyo. Nilikuwa sijamaliza skuli ya msingi na tayari najua kuitikisa nazi sikioni nikasikia kama ina maji ya kutosha, au ni koroma ambayo haijafika umri wa kukunwa. Muhogo nauvunja ncha: ukitoa michirizi myeusi, uling'olewa zamani. Ndimu naipapasa, yenye ngozi nyembamba ndiyo yenye maji. Samaki namfunua shavu nione wekundu wake, namtazama jicho, halafu namtazama na muuzaji jicho, maana mara nyengine la muuzaji ndilo linalosema zaidi. Pweza namngoja siku za bamvua, maji yakitoka sana na watu wa pwani wakashuka mwambani kwa wingi. Ukimnunua nje ya siku hizo unamlipa mtu taabu zake.

Elimu yote hiyo sasa imelazwa kitandani, mguu juu ya mto, na jiko linaendeshwa na kamati.

Mwenyekiti wa kamati ni mke wangu, ambaye msimamo wake unajulikana: "Samaki ni samaki tu, Mwalimu." Wajumbe ni kijana wetu mkubwa, shemegi yangu, na mama mkwe, aliyekuja kutoka Makunduchi kunikagua, akaliangalia hogo, akaliangalia jiko, kisha akauliza begi lake liwekwe chumba gani.

Aliyeanza kutumwa ni kijana. Ana shahada ya kompyuta na anasubiri ajira, kwa hiyo muda anao. Nilimwandikia orodha kwa mkono wangu: changu wawili wa kadiri, fungu la tungule, nazi tatu, ndimu, mbatata kilo moja, muhogo. Alirudi haraka mno, na jambo hilo peke yake lilinitia wasiwasi. Mtu hawezi kwenda Darajani akarudi bila jasho. Kumbe hakufika. Aliingia kwenye duka kubwa moja lenye kiyoyozi, akatoka na tungule nne zilizolazwa kwenye kisahani cheupe na kufunikwa nailoni, zimetulia kama maharusi. Nazi hakuleta. Alileta tui la kopo. Nikavaa miwani nikasoma: Thailand. Kisiwa kizima minazi, mimi hapa dirishani naiona, na tui limepanda meli kutoka Thailand kuja Michenzani kwenye mchuzi wangu.

Na samaki alikuwa mnofu mtupu, mweupe, umegandishwa, hauna kichwa wala mkia. Nikamuuliza kichwa kiko wapi. Akanambia huyu anauzwa hivyo hivyo. Mimi maishani mwangu sijapata kumwamini samaki asiye na kichwa. Kichwa ndicho kinachosema lini katoka baharini, na aliyekikata ana sababu zake.

"Lakini baba, kule mtu hapigi kelele," akanambia kijana, kwa upole, anadhani ananipa habari njema.

Kuna suala la kikapu pia. Changu mimi ni cha ukili, kimesukwa vizuri, kimebeba samaki kabla yeye hajazaliwa. Anakionea haya. Na kwa kuwa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku huku kwetu zamani, na bara wakafuata mwaka 2019, kila akienda ananunua mfuko wa kitambaa. Nyuma ya mlango wa jiko sasa pana mifuko mingi kuliko mahitaji yaliyowahi kuingia ndani yake.

Nikasisitiza Darajani. Akaenda, lazima niseme ukweli, akaenda kweli. Ila alikwenda na simu, na akaamua kwamba tatizo la baba yake linatibika kwa mtandao. Picha zikaanza kumiminika. Samaki upande wa kulia, samaki upande wa kushoto, samaki na kidole cha muuzaji. Chini ya kila picha: "Huyu?" Nikamjibu kwamba picha haina harufu. Akapiga simu ya video.

"Mfunue shavu," nikamwambia.

"Lipi?"

"Ana mawili, mwanangu, chagua lolote."

Nikamwona anatoa kalamu mfukoni ili amfunue nayo, asimguse. Kabla kalamu haijafika, muuzaji akaichukua simu. "Mwalimu! Pole bwana! Tumesikia. Mguu gani, wa kulia?" Nikamwambia wa kushoto. Akamwita mwenzake wa meza ya pili, naye akataka kuniona. Basi simu ikaanza kutembea. Nikapewa pole na mtu wa tungule, na mtu wa ndizi, na mpasuaji wa nazi, na bwana mmoja nisiyemjua kabisa ambaye alinieleza habari za mjomba wake aliyevunjika nyonga. Yule anayenidai pesa za mbatata alinipa pole ndefu kuliko wote na hakukumbusha deni, ustaarabu ambao siwezi kuusahau. Nilipolia kwamba sasa nirudishwe kwa samaki, nikarudishwa. Shavu likafunuliwa. Bando likakwisha.

Akanunua yule yule aliyekuwa kwenye kioo mtandao ulipokatika. Akamtia kwenye begi la kompyuta, maana mtungo pia anauonea haya, akapanda naye ngazi. Nilikuwa nimeagiza changu. Kilichotolewa mle begini ni pono. Huyo ndiye samaki ambaye Waswahili wote tunamjua kwa usingizi wake, na huyu wa kwetu, kwa ushahidi wa pua yangu, alikuwa kalala siku nyingi. Begi bado limeanikwa kwenye waya wa nguo. Kompyuta yenyewe anaifungulia dirishani.

Shemegi yangu ni mtu wa aina nyengine. Ni dalali wa viwanja, na pesa ya mwenzake mkononi mwake haikai. Yeye orodha haisomi, anasema anaijua. Anachotaka ni utume pesa kwa simu, "na uweke na ya kutolea, shemegi." Halafu kimya. Halafu simu: "Shemegi, nimekupatia nguru! Mzima! Mtu wa hoteli alikuwa anamvizia, nikamuwahi."

Sasa mnielewe. Huu ni wakati wa kusi. Upepo unavuma, ngalawa na mashua haziendi mbali, samaki anakuwa haba na bei yake inapanda mpaka unamsalimia kwa heshima. Mtu mwenye akili wakati wa kusi anakula mbaazi za nazi, anakula kunde, anakula dagaa, anangoja bahari itulie. Kununua nguru mzima wakati wa kusi, tena kwa kushindana na hoteli ambayo gharama yake inalipwa na mtalii, ni kazi inayohitaji pesa isiyokuwa yako. Na shemegi akifika na huyo nguru, hakai sana. Anauliza hali ya mguu, anakunywa chai, anaondoka na kichwa. Kichwa cha nguru, ndugu zangu! Siku moja aliondoka na kichwa na kipande cha katikati, akasema watoto wake wanapenda mchuzi. Mimi huko sikuiti kutumwa. Ile ni safari ya kikazi yenye posho.

Ungetegemea nilalamike. Siwezi, na hapo ndipo maumivu yangu yalipo, kifundo ni nyongeza tu. Mtu mzima wa miguu anaweza kumtazama samaki mbovu akasema huyu ni mbovu. Mtu wa magongo akiletewa samaki mbovu anasema, "Ahsante sana, mmehangaika." Nimesema ahsante kwa muhogo wenye michirizi. Nimesema ahsante kwa ndimu kavu ngumu kama gololi. Nimemshukuru mtu kwa nazi tatu za koroma, nikaangalia zinakunwa, nikaangalia tui lake linavyotoka jepesi, kisha nikala wali wake nikasema mtamu. Hata ndugu wanaokuja kunikagua na machungwa yao nawashukuru, na machungwa yenyewe sijui walifanya kusudi kunitafutia yaliyo makali hivi.

Na mama mkwe. Hapa niandike kwa adabu, maana yuko chumba cha pili na anasikia kalamu.

Mama mkwe ana hakika kwamba mfupa huungwa na mfupa. Kwa hiyo kila alfajiri anamtuma kijana makongoro, na kwa makongoro kijana hakosei, sijui kwa nini. Hayana picha, hayana video, anayaleta sawa sawa yalivyotakiwa. Yanachemshwa mpaka nyumba nzima inanata. Naletewa bakuli, nakunywa, midomo inagandana, na yeye ameketi mbele yangu ananiangalia. "Supu tamu, baba?" "Tamu, mama." Nilijaribu siku moja kusema kwa mbali kwamba hata dagaa ana mifupa, tena unamla nayo mwenyewe, wala hahitaji kuchemshwa tangu alfajiri. Akatabasamu, akaniongeza ukoko wa mafuta uliokuwa juu ya sufuria.

Tatizo jengine nalo ni hili: daktari kasema mguu uinuliwe, nami sebuleni nina kiti kimoja tu cha kuuinulia, na kikikaa pale panapoenea, unyayo wangu unamwelekea mama mkwe usoni. Mimi nimelelewa. Mkwe hanyooshewi mguu, hata uwe na hogo. Nikiushusha, unavimba. Nikiuinua, namvunjia heshima mzee wa watu aliyeacha shamba lake kuja kunipikia. Mke wangu akatafuta ufumbuzi, akaufunika kwa kanga. Sasa nakunywa makongoro mbele ya mkwe, baina yetu pana kanga yenye maneno ambayo sijathubutu kuyasoma mbele yake.

Wiki iliyopita mwenyekiti wa kamati alileta daftari. Kumbe alikuwa anaandika. Akanionesha kwamba tangu nivunjike, ukimwondoa nguru wa shemegi, matumizi ya jikoni yamepungua. Akasema nilipokuwa nakwenda mwenyewe nilikuwa natumwa vitunguu narudi na shelisheli, natumwa sukari narudi na pweza, na kwamba siku moja nilitumwa mkate nikarudi na kuku yuko hai.

Hesabu hizo sijazipitisha. Kwanza kumwondoa nguru ni kupika hesabu. Pili, kuku yule alikuwa kuku wa kienyeji wa kweli, na aliyekuwa anamuuza alikuwa anawahi daladala. Fursa hiyo haiji mara mbili. Na pweza aliyenunuliwa kwa sababu alikuwa mzuri hawezi kuandikwa kwenye safu ya matumizi. Huyo anaandikwa kwenye safu ya rizki. Nilimweleza mke wangu yote hayo kwa utulivu. Akafunga daftari, akasema mapafu angalau hayakuvunjika.

Ndipo nikaamua kujitegemea. Chini ya dirisha letu hupita kijana na baskeli, tenga nyuma, anapiga honi. Nyumba ilikuwa tupu isipokuwa mama mkwe aliyekuwa amelala baada ya adhuhuri. Nikafungua kamba ya kuanikia nguo, nikaifunga kwenye kikapu changu cha ukili, nikatia noti ndani na juu yake nikaweka moja ya zile ndimu kavu isipeperuke. Nikakiri kwamba hatimaye zimepata kazi. Nikampigia mluzi.

"Una nini?"

"Changu, Mwalimu!"

"Mfunue shavu!"

Akamfunua. Kutoka ghorofa ya nne niliona kitu chekundu, ila kijana alikuwa kavaa fulana nyekundu, na kwa umbali ule sikuweza kuapa kipi ni kipi. Nikashusha kikapu hivyo hivyo. Kilipofika ghorofa ya pili dirisha likafunguliwa, mkono wa jirani ukakizuia, kichwa chake kikatoka nje kikaangalia chini kwenye tenga, kisha kikaangalia juu kwangu. "Mwalimu, hawa wadogo. Ngoja yule wa saa kumi." Tukaanza kujadiliana, mimi juu, yeye katikati, mwenye samaki chini, na kwa mara ya kwanza tangu nivunjike nilijihisi nimo sokoni. Nilikuwa nimekaribia kupunguziwa bei kabisa niliposikia mtu anavuta pumzi nyuma yangu.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Aliniona kwa mguu mmoja, nusu ya kiwiliwili iko nje ya dirisha, magongo chini, na nguo za familia nzima, pamoja na zake, zimeanguka sakafuni kwa kukosa kamba. Hakupandisha sauti.

"Baba," akasema, "ukianguka hapo tutakununulia sanda. Na atakayetumwa kuinunua ni huyo huyo mwanao."

Nikaifikiria hiyo sanda. Nikazifikiria picha atakazonitumia za kitambaa, "Hii?", nami siwezi kujibu. Nikakipandisha kikapu, nikakaa kitini, nikafunikwa kanga.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama Jumamosi una safari ya Darajani na njia yako ni ya Michenzani, nina shida ya nazi tatu. Kikapu kipo, kamba mpya nimeagiza kwa siri, na mama mkwe bado hulala baada ya adhuhuri. Pesa utazikuta ndani, na ya soda yako imo. Usipige honi, piga mluzi. Jirani wa ghorofa ya pili akikuuliza, mwambie umeleta dawa. Ila tafadhali zitikise kabla hujalipa, tena zote tatu, usitikise moja.